Fundo Hutoka Kifundoni

Wavuvi wanaotumia nzi wa bandia badala ya chambo wana neno lao la kujifariji: fundo la upepo. Ni lile fundo dogo kama mbegu ya mchicha, linalojifunga kwenye uzi mwembamba karibu na ndoana huku mwenyewe kasimama majini kwa heshima zake zote. Upepo haujui kujitetea, ndiyo maana unasingiziwa miaka nenda miaka rudi. Lakini fundo hilo hujifunga hata asubuhi ambayo moshi wa jikoni unapanda wima kama mlingoti. Mkosaji ni kifundo cha mkono.

Chukua mshipi namba 5. Futi zake 30 za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi, na nzi mwenyewe, vinyoya viwili vitatu vilivyozungushiwa uzi, hana uzito wa kutajika. Kinachorushwa basi ni mshipi. Nzi ni abiria. Mshipi nao hufuata ncha ya ufito. Ncha ikipita njia iliyonyooka, mshipi hukunjuka kwa kitanzi chembamba na kutua bila kishindo. Mvuvi akikurupuka na kumaliza nguvu zote mwanzoni, ufito hupinda ghafla, ncha huzama katikati ya safari kisha huibuka, upande wa juu wa kitanzi huangukia wa chini, na fundo tayari. Asiposubiri mshipi unyooke nyuma yake, husikia mlio wa mjeledi: nzi kakatika, naye ataendelea nusu saa nzima kuwarushia samaki uzi mtupu.

Wapo watakaosema dawa iko dukani: ufito mgumu wa kaboni, unaopinda karibu na ncha tu. Sikatai. Baharini, penye upepo na masafa, ufito huo ni mali. Ila kwenye Mto Gura, huko Aberdare, ambako trauti wa kutoka Uskoti walipandikizwa mwaka 1905, samaki mara nyingi yuko hatua chache tu, chini ya kichaka. Mita nne za mshipi haziwezi kuupinda ufito mgumu, kwa hiyo mvuvi huongeza nguvu, na tumerudi kwenye fundo. Ufito laini, unaopinda mpaka karibu na mpini, humlazimisha kusubiri. Na upepo hauna lawama kabisa? Unayo kidogo: ukivuma usoni humtia mtu kiherehere, akarusha kama anayefukuza nyani shambani. Huo ni uchochezi. Fundo lenyewe kalifunga yeye, na sasa analifungua kwa ukucha, miwani puani, wakati trauti anaibuka mita mbili mbele yake kula nzi wa kweli.