Thumuni Yangu ya Mercedes

Katika mirathi ya marehemu baba, nyumba haikutuletea shida, wala shamba la minazi. Nyumbani anakaa Mama, na minazi haigombaniwi na mtu aliyewahi kuwalipa wakwezi. Kilichotuweka vikaoni ni Mercedes-Benz 280 SE iliyokuwa bandani nyuma ya nyumba yetu ya Chumbageni, Tanga, chini ya turubai, tangu enzi za Mzee Mkapa.

Hesabu yenyewe haikuwa na utata. Mjane mwenye watoto hupata thumuni. Yanabaki mafungu saba, na sisi tupo wanne, kaka zangu watatu na mimi: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Mbili mara tatu sita, na langu moja, saba. Shehe aliyekuja kutugawia alifurahi mpaka akapiga meza, maana si kila siku mirathi inatoka bila vipande vya vipande. Kila kaka akawa na robo ya gari, mimi thumuni, Mama thumuni. "Mirathi safi hii," akasema, akamalizia kahawa yake, akaaga. Gari lenyewe hakwenda kulitazama.

Baba alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa mkonge aliyekuwa anafunga virago arudi kwao. Wenyewe Wajerumani toleo hilo waliliita W116; lilitoka 1972, likakoma 1980, na ndilo la kwanza kupewa rasmi jina la S-Klasse. Silinda sita, cc 2,746, tenki la lita 96. Hizo lita 96 ndizo zilizolilaza bandani. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kulijaza ni laki tatu kasoro. Zamani bei ilikuwa chini, na mshahara nao ulikuwa chini vilevile. Baba hakusema kwamba gari limemshinda. Alisema analipumzisha. Kila mtaa wa Tanga una mzee mmoja anayepumzisha gari, na kila gari linalopumzishwa lina kuku wanaolala juu yake.

Tulipofunua turubai tulikuta kuku ndio wapangaji wadogo. Siti ya nyuma paka alikuwa amezalia, na kwa kutazama manyoya, wajukuu zake nao walikuwa wamezalia hapo hapo. Nyigu walijenga vyumba vya udongo ndani ya bomba la moshi. Panya walikula plastiki ya nyaya wakaacha shaba tupu, wakaingia kwenye godoro la siti ya dereva kupumzika, nao pia. Nyota ya mbele ya boneti ilikuwepo, kwa sababu Baba aliing'oa mwenyewe na kuificha kabatini, ndani ya soksi.

Fundi wetu wa Ngamiani ni mtu mzima, msema kidogo. Alilizunguka gari akilinusa. Akafungua kifuniko cha tenki, akanusa, akafunga haraka. Halafu akatutolea maelezo ambayo natamani Baba angeyapata wakati wake. Petroli ikikaa miaka, ile sehemu yake nyepesi huruka, kinabaki kitu chenye kunata na harufu ya vanishi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Tanga ina maji ya kugawa pamoja na chumvi yake. Maji hayo hula chuma kwa ndani mpaka pistoni za breki zinaganda. Mipira hukakamaa na kupasuka. Tairi lililobeba mzigo mahali pamoja hufanya bapa. "Gari linalotembea," akasema, "linaharibika kitu kimoja kimoja na linakwambia ni kipi. Hili limeharibika lote, na halikumwambia mtu."

Akatuomba jambo moja: tusiguse kitu mpaka arudi kesho.

Kaka Mkubwa hakuomba kuelimishwa. Yeye ana robo, na juu ya robo ana ukubwa. "Mjerumani hafi," akasema baada ya isha, akairudisha nyuma Noah yake mpaka mlangoni mwa banda, akaunga waya kutoka betri yake kwenda kwenye Mercedes. Injini haikusema kitu. Taa hazikuwaka. Honi ndiyo iliyoitika. Honi ya gari lile ni mbili kwa pamoja, nzito na nyembamba, na zilikuwa na maneno ya miaka mingi. Jirani wa kushoto alitoka na panga. Wa kulia alitoka na ndoo ya maji. Kina mama wawili wa mtaa wa nyuma walifika wamejitanda kanga, wameshaanza kulia, wakijua ni msiba. Kitindamimba wetu ndiye aliyechomoa waya, baada ya kumaliza kurekodi video. Katika kile kimya kilichofuata Kaka Mkubwa akatutazama mmoja mmoja. "Mmesikia? Lipo hai."

Fundi alipohadithiwa asubuhi aliuliza neno moja tu: "Stata ilizunguka?"

"Haikuzunguka."

"Alhamdulillahi."

Ndani ya silinda zilizokaa kavu, ringi za pistoni hushikana na kutu. Ukizilazimisha kwa stata unavunja, na ukivunja ringi za injini ile unajitafutia safari ya kununua injini. Akatoa plagi zote sita, akamimina oili kidogo katika kila tundu, akafunika injini kwa kitambaa, akaenda zake msikitini na hakurudi siku hiyo. Aliporudi alivisha spana ndefu kwenye nati ya mbele ya krenki, akaweka mkono mmoja tu. Spana ikagoma. Akasubiri. Ikagoma tena. Hakuongeza nguvu, alibadilisha upande, akairudisha nyuma kwanza, unywele mmoja, kisha mbele, nywele mbili. Kule ndani kikasikika kitu kikibanduka, mlio mdogo wa kifuniko cha chupa ya zamani. Spana ikasogea upana wa kidole. Nakiri sijawahi kuona mwanamume akifanya kazi kwa adabu namna ile, na nimeolewa.

Baada ya hapo zikaja gharama, na gharama ndizo zilizotufundisha kwamba shehe aligawa vizuri kupita kiasi. Tairi ni nne. Kila kaka mwenye robo akanunua tairi zima, la nne tukachangia mimi na Mama nusu kwa nusu. Kaka Mkubwa alijaribu kusema mchango uwe sawa kwa sawa kwa sababu sote ni damu moja. Nikamkumbusha kwamba wakati wa kugawa nyumba damu haikuwa moja, ilikuwa mbili kwa moja. Mama akacheka mpaka akatoa miwani. Plagi nazo sita, na sita kwa nane hazigawanyiki bila ugomvi: fungu langu lilikuwa robo tatu ya plagi. Nikalipa, nikaomba nionyeshwe robo isiyo yangu iko upande gani. Kilichomuuma zaidi kaka yangu ni duka la tairi. Gari la heshima namna ile linavaa ringi 14, na muuzaji akamuuliza kwa upole kama ni kwa ajili ya Corolla.

Petroli ya zamani tuliinyonya tukaijaza kwenye madumu. Fundi akasema itupwe kwa uangalifu, mbali na kisima. Kitindamimba akaona ni israfu, akampa kijana mmoja wa bodaboda dumu la lita tano kama sadaka ya marehemu. Yule kijana hakurudi kushukuru. Alirudi anasukuma pikipiki kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kabureta. Sadaka hiyo tuliilipia kwa mafungu manane kama kawaida.

Lakini shida kubwa ilikuwa kifaa ambacho fundi alikiita ini la gari. Injini ile haina kabureta na haina kompyuta. Ina mtambo wa Bosch uitwao K-Jetronic, wa chuma kitupu: hewa inapovutwa inanyanyua sahani, sahani inasukuma pini, na pini ndiyo inayogawa petroli kwenda silinda sita, kila moja na haki yake. Shehe angeupenda. Petroli inapokaukia humo, pini inanata na mgao unasimama. Fundi aliinyanyua sahani kwa kidole ili atuonyeshe, ikapanda, haikushuka. Aliuloweka, akausafisha, akaupulizia, akaurudisha, akautoa tena. Mafundi wengine wawili walituambia tuutupe mtambo wote tufunge kabureta ya gari jingine, wakaongeza kwamba wenye magari wote hufanya hivyo. Yawezekana, ila mimi naona ni afadhali gari life na ini lake kuliko liishi na la Datsun.

Likawaka siku ya Alhamisi. Kwanza likakohoa vumbi la nyigu, likatoa moshi mweupe wa ile oili, uwanja mzima hauonekani, kisha likatulia kwenye mngurumo wa chini mno hata Kaka wa Pili akadhani limezima. Mama alikwishapanda. Alikuwa amekaa nyuma kushoto, juu ya kanga aliyotandika pale walipozaliwa paka, kwa madai kwamba hiyo ndiyo thumuni yake na ana haki ya kuikalia.

Hapo ndipo Kaka Mkubwa akashuka na kufunga mlango wa dereva kwa ufunguo, apige picha. Kwenye gari lile milango hufungwa kwa upepo unaovutwa na injini. Ukifunga wa dereva, vitasa vingine vitatu vinazama vyenyewe, taratibu, kwa pumzi ya mtu aliyechoka. Ukifungua, vinapanda. Kila mlango una kiwambo cha mpira chenye pande mbili, upande wa kufunga na upande wa kufungua. Kwenye mlango wa Mama upande wa kufunga ulikuwa mzima. Ule mwingine ulikuwa umepasuka. Kitasa kikazama, hakikupanda, na kukivuta kwa vidole hakikukubali. Kioo cha umeme kikashuka upana wa kiganja, kikakwama.

Tukamwomba Mama asogee atokee mlango wa kulia.

"Kule si kwangu," akasema. "Ni fungu la kaka yako."

Akaletewa chai kupitia ile nafasi ya kioo. Akaletewa na mkate wa ufuta. Kwa kuwa hakushuka, ikaamuliwa tumtembeze.

Kaka wa Pili akaendesha, kwa robo yake. Yeye maisha yake yote ameendesha Canter, na gari lile ni otomatiki: halina klachi, bali kule kushoto kabisa, mahali ambapo mguu wa dereva wa Canter huenda wenyewe, kuna pedali ya breki ya kuegeshea. Tulipokaribia mzunguko wa barabara, akaikanyaga kwa nguvu ili abadilishe gia. Magurudumu ya nyuma yakashika, gari likalia, likasimama katikati. Breki ile haiachii kwa mguu, inaachiwa kwa kuvuta kishikio kwenye dashibodi, na wakati kaka yangu anawasha waipa, taa na kiberiti cha sigara akikitafuta, afande wa trafiki alishafika. Alipoona nyota ya mbele alipiga saluti. Alipoona kibao cha namba cha kizamani akaishusha.

"Mwenye gari nani?"

"Amefariki," nikajibu.

Akamtazama Mama nyuma ya kioo kilichokwama, kikombe mkononi, haondoki. Nadhani alielewa vibaya, kwa sababu sauti ilibadilika. "Poleni. Na huyu dereva?"

"Ana robo tu," Mama akasema kupitia ile nafasi ya kioo.

Alituachia na onyo, tena akatusaidia kusukuma. Kwamba tunatakiwa kubadilisha kadi kutoka jina la marehemu ni kweli, na msimamizi wa mirathi ameshaanza safari hiyo.

Fundi ametuamuru liwashwe na litembee kila wiki, hata kwenda sokoni na kurudi, la sivyo atazichukua nati zake. Kwa hiyo tuna zamu ya Ijumaa: kati ya Ijumaa nane, kila kaka ana mbili, Mama moja na mimi moja. Tenki nalo, kwa rehema za Mungu, linagawanyika, lita 12 kwa thumuni, na anayetembelea lita za mwenzake anajulikana kwa mshale. Breki zimebadilishwa mipira yote, nyaya zimefungwa upya, paka amehamishiwa jikoni. Kilichobaki ni mlango wa nyuma kushoto. Viwambo tulivyoletewa mpaka sasa havikuingia, na Mama sasa anaingia na kutoka kwa mlango wa kulia, kwa ruhusa ya maandishi. Msomaji uliye na 280 SE imelala bandani kwenu, usiiunge betri kabla ya kuita fundi. Na kama haitaamka tena, kile kiwambo cha mlango wa nyuma kushoto tuuzie sisi. Fedha tunayo, ila uwe tayari kuipokea kwa watu watano.