Ombi la Kubadilishiwa Nywila

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Bitcoin,
S.L.P. haikupatikana,
Popote ulipo.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA NYWILA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wako tangu mwanzoni mwa 2017, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, mwenye akili timamu kwa ushahidi wa watu wote isipokuwa mke wangu. Naandika kukuarifu kwamba nimesahau nywila. Nimeambatisha barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha NIDA, taarifa ya upotevu kutoka kituo cha polisi na picha mbili za pasipoti. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza barua inakwenda ofisi gani. Nilipomweleza, alinitazama kitambo, kisha akagonga mhuri mara mbili, kwa usalama zaidi.

Mwaka ule nilinunua bitcoin ya shilingi laki tano. Nzima ilikuwa karibu dola 1,000, kwa hiyo nilipata kipande, kama mtu anayepimiwa nyama robo. Nikaisahau, kama kiwanja cha Mkuranga. Desemba 2024 bei ikavuka dola 100,000. Nikakaa kitandani usiku, nikapiga hesabu kwa vidole, nikarudia kwa kikokotoo: laki tano zangu zimekuwa zaidi ya milioni hamsini. Nikafungua kompyuta. Ikaniomba nywila.

Nywila hiyo niliitunga mwenyewe kwa kufuata ushauri wa wataalamu: iwe ndefu, iwe na herufi kubwa na ndogo, iwe na namba, na iwe na alama moja ya kibodi ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuibonyeza kwa kukusudia. Walisema iwe kitu ambacho mwizi hawezi kukibahatisha. Niliwatii. Leo mimi na mwizi tuko sawasawa. Nimejaribu jina la mama, namba ya nyumba, mwaka wa ndoa, mwaka wa ubingwa wa Yanga. Nimejaribu majina ya kike kadhaa, na hapo ndipo mke wangu alipoanza kuniuliza maswali ambayo hayahusiani na sarafu za mtandao.

Najua utaniuliza kuhusu yale maneno 12 ya akiba, ya kumwokoa aliyesahau nywila. Niliyapata, Mkurugenzi, na niliyaandika kwa kalamu ya wino kama nilivyoelekezwa, yakiwa na namba moja hadi kumi na mbili ubavuni. Niliyaandika nyuma ya daftari la Sayansi la mwanangu aliyekuwa darasa la tano. Nililichagua daftari hilo kwa sababu sikuwahi kumwona akilifungua. Sikukumbuka kwamba madaftari yakiisha kazi kwetu hayachomwi wala hayatunzwi. Mke wangu aliyafunga kwa kamba akamuuzia mama muuza karanga.

Nilikwenda kwa yule mama. Akanisikiliza kwa upole hadi mwisho, akaniuzia karanga za mia mbili ndani ya karatasi ya daftari. Nikaifungua ile karatasi mikono ikitetemeka. Ilikuwa Maarifa ya Jamii: mito mikuu ya Afrika, mwandiko si wa mwanangu. Nikanunua nyingine. Hisabati. Nimekula karanga kwa miezi miwili, tumbo limekuwa ngoma, na mtaala wa shule ya msingi naujua wote isipokuwa ukurasa mmoja.

Kichwani nimebaki na maneno matano. Nitakupa maana zake kwa Kiswahili, ili yeyote asininyang'anye: ndizi, mjomba, mbuzi, mwavuli na majira ya baridi. La mwisho nalikumbuka kwa sababu nililiandika huku natokwa jasho, mwezi wa pili, umeme umekatika. Saba yamepotea. Nimeelezwa kwamba orodha yenu yanakotoka maneno hayo ina maneno 2,048, hivyo hata ningejua kila neno linakaa nafasi ya ngapi, idadi ya michanganyiko ya kujaribu ina tarakimu 24. Nimeanza. Nitakutaarifu.

Hapa niruhusu malalamiko madogo. Orodha hiyo, ambayo ilipendekezwa mwaka 2013, ipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno, Kicheki na Kichina cha namna mbili. Kiswahili hakimo. Ningepewa "mjomba" wa kweli, yule kaka yake mama mwenye deni langu la mwaka 2009, nisingemsahau. Mjomba wa Kiingereza ni mjomba, ni amu, ni mume wa shangazi, ni mtu yeyote. Na neno la kwanza kabisa katika orodha ya Kiingereza, kama hukuwahi kulizingatia, maana yake ni kutelekeza. Angalau hapo mlikuwa wakweli.

Mwezi uliopita shangazi yangu alisahau namba ya siri ya pesa za simu. Akavaa kitenge, akachukua kitambulisho, akaenda dukani kwa mtandao wake. Akapanga foleni, akagombana na mtu aliyeingilia foleni, akaweka kidole kwenye mashine, akaulizwa majina matatu na mtu wa mwisho aliyemtumia hela. Akalijibu na hilo, pamoja na sababu ya kutumiwa, ambayo hakuulizwa. Saa tisa alikuwa nyumbani na namba mpya, analalamika kwamba huduma zimeoza.

Huduma zimeoza! Mkurugenzi, mimi natamani hata uozo. Natamani dirisha lenye kijana anayechati huku mimi nimesimama. Natamani kuambiwa nirudi kesho, maana kesho ni ahadi. Natamani kusikia "mfumo uko chini", kwa kuwa kitu kilicho chini kinaweza kupanda. Mfumo wako sijawahi kuukuta chini. Uko juu usiku na mchana, na pesa zangu naziona humo kwa macho yangu, na dunia nzima inaweza kuziona kwa sababu daftari lenu ni la wazi. Ni kama kutazama embe lako ndani ya kabati la kioo la jirani aliyehama na ufunguo.

Nimesoma ule waraka wa Oktoba 2008 wa aliyejiita Satoshi Nakamoto. Fahari yake kubwa ni kwamba watu wawili wataweza kulipana bila kumtegemea mtu wa tatu wa kuaminiwa. Nilipousoma 2017 nilipiga makofi. Sikujua kwamba huyo mtu wa tatu ninamfahamu. Ndiye mjumbe wa nyumba kumi anayejua kiwanja kinaishia kwenye mwembe. Ndiye wakala anayeijua sauti ya shangazi. Ndiye mzee aliyealikwa siku ya makabidhiano ya shamba na atakayesema mbele ya baraza, "Nilikuwepo." Mali yetu huku imeshikwa na midomo ya watu. Midomo hiyo husengenya na wakati mwingine huomba soda, lakini ukisahau wewe, wao hukumbuka.

Najua si mimi wa kwanza kuleta ombi. Yuko Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta wa San Francisco, mzaliwa wa Ujerumani, aliyelipwa bitcoin 7,002 mwaka 2011 kwa kutengeneza video ya kueleza bitcoin ni nini. Funguo akazihifadhi katika kifaa kinachoruhusu kukosea nywila mara 10, kisha kinajifunga milele. Alipohojiwa Januari 2021 alikuwa amekosea mara 8, na mali ile ilikuwa na thamani ya dola milioni 220. Mtu aliyewafundisha wengine! Mimi sina ukomo wa kukosea, naweza kukosea hadi siku ya kiyama. Sijui kati yetu nani kaonewa zaidi. Yuko pia James Howells wa Newport, Wales, ambaye diski yake ya funguo iliishia jalalani mwaka 2013. Huyu kabahatika. Alikuwa na halmashauri ya kugombana nayo, akaenda hadi Mahakama Kuu, akakataliwa Januari 2025 na jaji mwenye jina na anwani. Mimi nimshitaki nani? Mama karanga?

Wapo hata walioona faida ya kusahau. Desemba 2018 mwenye soko la sarafu za mtandao la QuadrigaCX la Kanada alifariki nchini India, na wateja wakaambiwa nywila amekwenda nazo. Wakalia, wakaomboleza, wakasubiri. Wakaguzi walipochimba wakakuta pochi zilikuwa tupu miezi mingi kabla ya msiba, na mwaka 2020 mamlaka ya Ontario ikatamka kwamba biashara ile ilikuwa utapeli. Wateja walikuwa zaidi ya 76,000. Nalitaja hili ili ujue kwamba mimi sidanganyi: yangu imo, nenda kaitazame.

Jambo jingine ni la mchango. Mwaka 2010 Satoshi aliandika kwamba sarafu zinazopotea huongeza kidogo thamani ya zile za wengine, kwa hiyo zihesabiwe kama mchango kwa wote. Kampuni ya Chainalysis ilikadiria kwamba takriban asilimia 20 ya bitcoin milioni 18.5 zilizokuwepo mwanzoni mwa 2021 zilikuwa zimepotea au zimekwama. Kumbe tuko kamati kubwa. Lakini mimi nimechangia harusi nyingi, Mkurugenzi, na sijawahi kuchanga bila kadi. Jina langu limeandikwa wapi? Nani alisimama kushukuru? Nimewachangia matajiri wa dunia nzima milioni hamsini na sikupata hata sahani ya pilau.

Kuhusu kodi, sheria yetu ya fedha ya 2024 inakata asilimia 3 mali ya kidijitali inapohamishwa. Yangu haijahama na haitahama. Naomba uwathibitishie wahusika kwa maandishi.

Kwa hayo machache, naomba nywila mpya. Ikishindikana, naomba unijibu tu kwamba imeshindikana, ukitaja jina lako na cheo.

Ndimi wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja.

Nakala: Mjumbe wa shina. Mama karanga.

N.B. Kwa wasomaji wa Sinza, Mwenge na Manzese: ukinunua karanga, ukakuta karatasi ya daftari yenye mistari, maneno 12 ya Kiingereza kwa wino wa buluu na namba ubavuni, tafadhali usiitupe. Karanga kula.