Mteja Wangu Hanywi Chai

Mteja wangu hajawahi kunijulia hali. Hanywi chai, hana mke wala shamba la kurithi, na siku akifa hatazikwa Iveti wala Mua; atafutwa tu kwenye rejista. Ni kampuni. Tangu mwaka 1897, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilipoamua kesi ya mtengenezaji viatu aitwaye Salomon, sheria imeshikilia kwamba kampuni ni mtu kamili, mbali na wenye hisa zake. Sheria yetu ya Kampuni ya 2015 imesimama papo hapo.

Maana yake ni kwamba wote wanaoketi mbele ya meza yangu hapa Athi River, kuanzia mkurugenzi hadi dereva wa lori, si wateja wangu. Jaribu kumweleza hayo shangazi yako kwenye harambee mjini Machakos.

"Kwa hiyo wewe unamtetea nani?"

"Kampuni, shangazi."

"Yaani mwenye kampuni?"

"La. Kampuni yenyewe."

Akanitazama kwa huruma, kisha akamgeukia mama yangu: "Na ng'ombe wote wale waliouzwa?"

Kazini hakuna anayejali kesi ya Salomon ilisema nini. Wakili ni wakili, na wakili aliye karibu na kantini ni wa bure. Hawaniletei habari za kampuni, wananiletea ploti. Joska, Malaa, Matuu, kila mtu ana ploti, na kila ploti ina binamu anayedai ni yake. Oktoba 2023 tingatinga zilipoingia Mavoko kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imesema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, kantini nzima ilinyamaza. Wenye nyumba walikuwa na makaratasi. Tatizo ni kwamba walikuwa nayo ya kila aina isipokuwa lile lililohitajika. Tangu siku hiyo foleni mlangoni kwangu ni ya bahasha za kaki, na jibu langu kwa wote ni lile lile: nenda ofisi ya ardhi ukakague hati kabla ya kutoa hata shilingi. Wanashukuru, wanatoka, wanamuuliza fundi wa umeme maoni yake.

Lakini raha kamili ya kazi hii ni kamati ya nidhamu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe. Ukiruka hatua hiyo, hata kama umemkamata mtu na mzigo mkononi, mahakama inaweza kukutoza hadi mishahara ya miezi 12.

Basi tulikuwa na mweka stoo aliyedaiwa kuuza dizeli ya jenereta. Mwenzake aliyemchagua ni mlinzi wa geti, yule yule aliyefungua geti dizeli ikitoka. Sheria haikumkataza. Halafu mshtakiwa, ambaye mwaka mzima alituandikia barua pepe kwa Kiingereza cha kutisha, asubuhi hiyo akawa anaelewa Kikamba peke yake. Meneja mkuu akasema haina shida, aitwe mama wa kantini atafsiri.

Mama akaja, akajifuta mikono kwenye aproni, akasikiliza mashtaka ya kurasa mbili, akayafikisha kwa pumzi moja. Mweka stoo akajieleza kirefu, kwa uchungu, mikono hewani. Mama akatugeukia.

"Anasema hajauza dizeli. Lakini mtungi alioibebea ni wangu wa maji, na mpaka leo hajaurudisha."

Meneja mkuu alitaka kuandika barua ya kufutwa papo hapo. Ikabidi nisimamishe kikao, kwa sababu mkalimani alikuwa amegeuka shahidi, tena shahidi mwenye madai yake. Tuliahirisha hadi apatikane mtu anayejua Kikamba na asiyedai mtungi. Kwa mshangao wangu, haikuwa rahisi.

Kuna pia suala la muhuri. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliondoa ulazima wa lakiri ya kampuni. Saini za wakurugenzi wawili zinatosha. Nilimsomea kifungu hicho msambazaji mmoja aliyekataa kuondoka mapokezi na mkataba usio na muhuri. Alinisikiliza kwa adabu zote. "Wakili," akasema, "mtu anaweza kukana saini yake. Muhuri haukani." Dada wa mapokezi, mwenye akili kunizidi, akachukua muhuri wa kupokelea barua, akaugonga juu ya jina la mkurugenzi. Mzee akaondoka ameridhika. Mkataba wetu wa mwaka mzima, kwa mujibu wa muhuri huo, umepokelewa.

Na meneja wa mauzo? Huyo huja Ijumaa saa kumi na moja jioni, matatu za Kyumbi zikiwa zimeanza kujaa. "Wakili, pitisha macho tu." Mara ya mwisho alikuwa amenakili mkataba kutoka intaneti, na tayari umesainiwa. Tulikuwa tunamuuzia rangi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tala, na mgogoro wowote ungesuluhishwa Singapore. Nilimwaza mzee wa Tala akishuka uwanja wa ndege wa Singapore, kofia kichwani, debe la rangi iliyoganda mkononi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mauzo, na wengine wote wenye kalamu nyepesi: leteni mkataba kabla haujasainiwa. Ofisi yangu hufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na saa hiyo huwa hakuna foleni.