Namna ya Kutembezwa na Mbwa, na Namna ya Kuacha

Simama Jumamosi asubuhi kwenye lango la msitu wa Karura, Nairobi, lile la Barabara ya Limuru, utaona ni nani anamtembeza nani. Mbwa ametangulia, ulimi nje, kamba imekaza, na nyuma yake mtu mzima mwenye kazi na familia anakuja kwa hatua asizozichagua. Sheria ya Karura inataka kila mbwa afungwe kamba. Kamba ipo, maelewano ndiyo hayapo.

Wewe unayevutwa, usimlaumu mbwa. Huyo amehitimu, na mwalimu wake ni wewe. Alivuta kuelekea kichakani, ukamfuata, akanusa. Akavuta kumwendea mbwa wa jirani, ukamfuata tena, wakasalimiana. Mnyama hurudia kinachomlipa. Edward Thorndike alilionyesha hilo mwaka 1898 kwa paka aliowafungia kwenye masanduku akawapima muda wa kujitoa. Kila hatua uliyopiga kamba ikiwa imekaza ilikuwa mshahara wa kuvuta.

Basi sitisha mshahara. Kamba ikikaza, simama. Usivute, usifoke, usipige kelele za "Simba! Simba!" mpaka mtaa mzima utoke kutazama. Simama tu. Mbwa atashangaa, atageuka, kamba italegea. Hapo hapo msifu, mpe kitu, mwendelee. Ukianza kupekua mifuko, kufikia utakapokipata atakuwa ameshamkodolea macho kuku wa watu, na utakuwa umemlipa kwa hilo.

Kuhusu hicho kitu: biskuti kavu haimshindi kima anayeruka juu ya mti. Chemsha maini, uyakate vipande vidogo kama punje za mahindi, au beba omena. Mfuko utanuka samaki, vumilia. Kwa harufu hiyo utakuwa mtu wa kufuatwa. Mpe kando ya goti lako, upande uleule kila siku, maana mbwa hukaa pale anapolishwa. Na kamba ikiwa imelegea, mpeleke hata kwenye kile kichaka chake. Amekuja matembezini kunusa, na kumnyima ni ukatili.

Anzia uani, geti limefungwa, kisha njia tulivu, dakika 10 tu. Watu huanzia kwenye stendi ya bodaboda iliyopakana na bucha ya nyama choma, halafu wanasema mbwa wa kienyeji hafundishiki. Anafundishika sana! Wazazi wake wameishi kwa kuwasoma binadamu, naye atakusoma wewe. Atamsoma pia kaka yako anayemwacha avute hadi dukani. Kuvuta kukilipa leo na kesho kusilipe, mbwa huvuta kwa bidii zaidi, akingojea siku ya bahati. Nyumba nzima ikubaliane.

Kamba iwe ya mita 1.5 hadi 2. Ile inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio iache dukani, kwa kuwa muda wote inamvuta kidogo, naye anazoea kwamba kuvutana ndiko kutembea. Mnyororo wa kunyonga nauchukia. Hubana koo, na mbwa aliyeumizwa mtoto akipita anaweza kuamini kwamba mtoto ndiye aliyemuumiza. Tafuta mkanda wa kifuani wenye pete mbele: akivuta, mwili wake unageuzwa kukuelekea. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo iwe ya mwaka huu, kabla hajavuka geti.

Sasa watu. Mbwa wako ni mpole, najua, lakini anayekuja mbele yako hajui, na kumpigia kelele kwamba "hang'ati" hakujamtuliza mtu yeyote. Mombasa au Eastleigh huenda anaelekea msikitini. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi Pwani, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Pua moja yenye shauku inaweza kumrudisha nyumbani. Fupisha kamba ungali mbali, mweke mbwa upande wa ukuta, na njia ikiwa nyembamba rudi wewe hadi penye nafasi. Mwamkie. Kanzu ikishapita salama, mpe mbwa omena wake, tena wawili.