Raha ya Nyumba Yenye Magurudumu

Wanaowacheka Waingereza hawajui starehe. Mtu ana nyumba ya matofali, yenye joto la mabomba na bafu la kujinyoosha. Likizo ikifika anafanya busara: anakwenda Skegness, mji wa pwani, kulala ndani ya boksi la bati liitwalo karavani, kitanda chake kikiwa benchi lile lile alilolia chakula. Chini kuna magurudumu. Hayaendi popote, lakini sheria ya mwaka 1960 inataka karavani iwe kitu kinachoweza kuhamishwa, na sheria ni sheria. Hata mlima huhama, ukiwa na imani.

Ada ya kiwanja inalipwa ya mwaka mzima, kisha baridi ikianza geti linafungwa na mwenye karavani anabaki nje. Ni mwenye nyumba gani mwingine aliyejaliwa kulipia mahali asiporuhusiwa kulala?

Siku yenyewe ni tulivu. Asubuhi wanasikiliza mvua juu ya paa, na kikohozi cha jirani, bila gharama ya redio. Mchana wanakaa ufukweni na makoti yao, nyuma ya pazia la kukinga upepo, wakiitazama Bahari ya Kaskazini kwa heshima. Kuiingia ni utovu wa adabu. Shakwe akishuka kunyakua chipsi, huo ndio utalii wa wanyamapori. Wenzao hupanda ndege hadi Serengeti kutazama simba asiyejali hata sahani zao.

Jioni, soksi zikikaukia juu ya jiko la gesi, baba anaulizia nafasi ya mwakani kabla hazijaisha.