Dawa Iliyokuwa Chumbani kwa Mkwe

Kuanzia Mei hadi Julai, Singida ni alizeti. Canter, trekta na mikokoteni ya punda hupanga foleni mbele ya viwanda vya kukamua mafuta, na hakuna gunia linaloingia bila kupita mizani. Mimi ni karani wa mizani. Msimu ukichanganya, mizani haiachwi hata kidogo. Mkulima aliyetoka Iramba au Mkalama amelala juu ya magunia yake akingoja zamu, na tiketi isiyo na saini ya karani haimlipi mtu.

Miezi hiyo hiyo ndiyo ya baridi na vumbi. Upepo wetu wataalamu wameupima miaka kadhaa wakitaka uzalishe umeme, lakini vifuani mwa watoto huacha kikohozi. Binti yetu wa miaka miwili alianza na mafua ya kawaida, mpaka asubuhi moja nikaona mbavu zinapanda na kushuka upesi mno. Mama yake ni mwalimu, amepangiwa shule ya mbali huko Mkalama, na huja mwisho wa wiki nauli ikiruhusu. Dada wa kazi alikuwa ameenda kwao kuvuna. Nikambeba mtoto hadi zahanati.

Muuguzi alimfunua kifua, akatazama saa na kuhesabu pumzi dakika nzima. Zilikuwa 52. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi kuanzia 40 kwa dakika, akiwa ametulia na anakohoa, ni dalili ya nimonia. Akatupa amoksilini, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku tano bila kuruka. Akanitajia pia mambo ya kunirudisha mbio: mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au kifua kikianza kubonyea ndani anapovuta hewa.

Siku tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mwajiriwa siku nne za malipo mtoto wake akiugua. Hizo hizo nne ndizo za msiba wa mtoto, mwenza, mzazi au ndugu, na mzunguko wake ni miezi 36. Zikiisha, siku za ziada ni kwa ridhaa ya mwajiri, na hazina malipo. Nani ana mtoto mdogo anayeugua siku nne tu ndani ya miaka mitatu? Zangu zilishaliwa na tetekuwanga na msiba wa baba yangu. Hata hivyo naiheshimu sheria hiyo kwa jambo moja: imemtaja mwajiriwa, haikumtaja mama peke yake. Kazini swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Kwani mama yake yuko wapi?" Nilijibu kwamba mama yake yuko darasani mbele ya watoto wa watu, na baba yake ndiye huyu hapa. Nikaruhusiwa kuchelewa asubuhi. Jioni, hapana.

Ndipo akaja mama mkwe, kutoka Ikungi, na kuku wawili kwenye kikapu. Aliacha bustani ya vitunguu iliyokuwa inataka maji, akamwekea kibarua wa kumwagilia, na hakunitajia hilo. Nililisikia baadaye kwa mke wangu. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, na kukaa humo na mkwe kuna taratibu zake. Yeye alilala na mjukuu. Mimi sikuvuka kizingiti cha chumba chao, naye hakukigusa kitasa cha changu. Usiku nikisikia kikohozi nilisimama nje ya mlango na kubisha.

"Shikamoo mama. Amekunywa maji?"

"Marahaba baba. Amekunywa. Kalale, kesho una kazi."

Sijui kama kuna malezi magumu kama hayo ya kumsikiliza mwanao kupitia mbao. Lakini kwa sauti ile nililala.

Dawa zilikaa juu ya kabati la chumbani kwangu, mahali ambapo mimi na mke wangu tulikubaliana tangu tuhamie, kwa sababu watoto wa jirani hushinda kwetu wakipanda makochi. Za watu na za kuku zote huwekwa huko, kila moja na kopo lake. Asubuhi nilizishusha mwenyewe, jioni vilevile. Siku ya tatu magari yalifurika, jioni ikafika nikiwa bado kwenye mizani.

Mama mkwe alijua saa ya dawa imefika. Kuingia chumba cha mkwewe hakuweza, na sitamlaumu kamwe. Kwa malezi aliyolelewa, hilo ni kuvua nguo hadharani. Alimwita jirani, mama mwenye busara, naye akasema hawezi kuingia chumba cha mume wa mtu ambaye mkewe hayupo. Wakamtuma mtoto wa jirani, wa darasa la tatu. Akapanda kiti, akatoka na pakiti ya unga wa njano.

Mama mkwe hasomi vizuri, lakini ana macho. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya jogoo. Akaikataa, akaiweka mbali na mtoto, akamwambia jirani anipigie.

Simu ilipoita, trekta lilikuwa limepanda kwenye mizani likinguruma. Nilimwambia yule mtoto wa jirani arudi chumbani, ashushe kopo jeupe, anisomee kilichoandikwa. Sikusikia kitu. Dereva aliuona uso wangu, nadhani, maana alizima injini bila kuombwa. Wa nyuma yake naye akazima. Foleni nzima ikakaa kimya, watu waliokuwa na haraka kuliko mimi, huku mtoto wa miaka tisa akinisomea herufi moja moja: A, M, O, X. Nikamwambia ndiyo, ni hiyo. Jirani akayeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji yaliyochemshwa, bibi akamnywesha mjukuu wake, na mtoto hakutapika.

"Ana miaka mingapi?" mkulima mmoja aliniuliza.

"Miwili."

"Saini basi, uende."

Sikuweza kwenda, walikuwepo wengine nyuma yake. Lakini kila mmoja aliyepita baada ya hapo aliniuliza habari za mtoto kabla ya kuuliza uzito wa mzigo wake.

Mke wangu alipokuja mwisho wa wiki alimleta fundi, akapigilia rafu juu kabisa ukutani, sebuleni, ambako mikono ya watoto haifiki na mama mkwe anafika. Dozi ilikuwa imekwisha na muuguzi alikuwa amehesabu tena pumzi: 34. Nami nilikuwa nimepokea mshahara wangu kamili, kwa sababu mtu mwingine aliacha vitunguu vyake. Sikuweza kumpa mama mkwe pesa mkononi, kwa hiyo nilimtumia mke wangu kwenye simu kiasi cha kulipa kibarua wa bustani, naye akampelekea. Nusu ilirudi jioni hiyo hiyo, na maagizo: mtoto anunuliwe sweta la mikono mirefu, na barua ya kuomba ruhusa ya kutoka jioni mtoto anapougua niiandike sasa, kabla msimu ujao haujaanza. Sweta tumenunua. Barua iko mezani kwa meneja, na nimeandika ndani yake kwamba naomba kama baba.