Jinsi ya Kupata Sheria Ukiwa Gatete

Tuseme una michikichi yako hapo Gatete, huko Rumonge, unakamua mawese, na mnunuzi anakuja na bidoni lake. Limeandikwa lita 20. Lakini lilishatanuliwa kwa moto, likavimba tumbo, na kila ukilijaza unahisi linakucheka. Siku moja unasimama mbele ya majirani unasema: hili jambo linahitaji sheria. Umesema vyema. Burundi ina mabunge mawili kwa kazi hiyohiyo. Fuata maelekezo haya kwa utaratibu, usiruke hatua hata moja, na usimwahidi mtu yeyote tarehe ya kumaliza.

Kwanza, jua milango. Chumba cha kwanza ni Inama Nshingamateka, yaani Bunge la Taifa, na hukutana Kigobe, Bujumbura. Cha pili ni Inama Nkenguzamateka, yaani Seneti, nacho kilihamia Gitega baada ya mji huo kufanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019. Kwa hiyo utapita kando ya ziwa zaidi ya kilomita 70 hadi Bujumbura, useme ulichonacho, kisha upande milima kilomita 100 nyingine ukayarudie yaleyale kwa watu wengine. Katiba inaeleza kwa makini muswada unavyotoka chumba kimoja kwenda kingine. Kuhusu petroli ya kukufikisha wewe haikusema kitu. Usisafiri siku ambayo mafuta yamepatikana: siku hiyo kila mtu yuko kwenye foleni, pamoja na yule aliyepaswa kukupokea.

Angalia na kalenda. Vikao vya kawaida ni vitatu kwa mwaka, kila kimoja miezi mitatu, na vinafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Februari, ya Juni na ya Oktoba. Inabaki Januari, Mei na Septemba. Wewe utafika Mei. Wote hufika Mei.

Pili, mtafute mbunge wako. Hapa ndipo wageni wa mambo haya huanza kupoteza muda, kwa sababu mbunge wako hayupo. Hukumchagua mtu, ulichagua orodha ya chama, iliyofungwa, yenye majina yaliyopangwa kabla hujaamka siku ya kupiga kura. Tena orodha yenyewe ni ya mkoa mzima. Rumonge ilipewa hadhi ya mkoa mwaka 2015, na kabla wenyewe hawajazoea kuitwa hivyo, mikoa 18 ikakunjwa ikawa mitano na komine 119 zikawa 42. Sasa Rumonge ni komine katika mkoa wa Burunga, na makao ya mkoa yako Makamba. Hivyo aliye karibu nawe kwenye orodha anaweza kuwa mtu wa Rutana, ambako mchikichi huonekana sokoni ukiwa tayari umeshakuwa mafuta. Mpigie simu ukipenda. Akikuuliza Gatete iko wapi, mwelekeze kwa upole. Yeye naye amepewa orodha.

Katika orodha hiyo kila jina lina mahali pake. Kati ya watu watatu wanaofuatana, wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwa wa kabila moja. Kati ya wanne, angalau mmoja awe mwanamke. Bunge zima sharti liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa watatu waingizwe kwa kuteuliwa. Kura zisipoleta hesabu hiyo, watu huongezwa mpaka itimie. Usiwe mwepesi wa kuicheka. Ililipiwa kwa vita iliyoanza 1993, ikajadiliwa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere mpaka kifo chake Oktoba 1999, na Nelson Mandela ndiye aliyeifikisha kwenye saini tarehe 28 Agosti 2000. Wazee wa Rumonge waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakarudi miaka mingi baadaye wakakuta michikichi yao ina mwenyewe mwingine, hawahitaji kuelezwa kwa nini watu waliamua kuhesabiana hivi. Ila tambua inachohesabu na isichohesabu. Inajua kabila la mheshimiwa, jinsia yake na nafasi yake kwenye mstari. Anachofikiri kuhusu bidoni lako hakina safu kwenye hesabu hiyo.

Kama utamwona mbunge uso kwa uso, jizuie kumtia ujasiri. Mwaka 2007 chama tawala cha CNDD-FDD kilipasuka baada ya Hussein Radjabu kuangushwa uongozini na kukamatwa, na kundi la wabunge likajitenga na chama. Juni 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba 22 kati yao walikuwa wamekalia viti isivyo halali, na nafasi zao zikajazwa na wengine wa chama kilekile. Fikiria vizuri: umekula naye samaki wa mukeke, amekukubalia, ametikisa kichwa mara tatu. Kesho kwenye kiti chake amekaa mtu ambaye bado hujala naye chochote.

Unaweza kusema basi nitagombea mwenyewe, bila chama. Ruhusa ipo. Uwe na miaka 25, halafu upate asilimia 40 ya kura za jimbo lako la uchaguzi, ambalo ni Burunga yote. Chama chenyewe kinadaiwa asilimia 2 tu ya kura za nchi nzima ili kiingie kwenye mgawo wa viti. Usitafute mantiki ya tofauti hiyo kwenye tumbo tupu.

Tatu, soma matokeo kabla ya kusoma sheria. Uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 ulimaliza ubishi mwingi kwa mpigo: CNDD-FDD ilitangazwa kupata asilimia 96.51 na viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Vyama vingine havikuifikia hata ile asilimia 2. Tarehe 23 Julai ikaja zamu ya Seneti, na viti vyote 10 vya kuchaguliwa vikaenda hukohuko. Hili halikufuta kanuni hata moja. Muswada bado unasomwa, unapelekwa kwenye kamati, unajadiliwa, unapigiwa kura, unavuka milima, unajadiliwa tena. Usiulize kwa sauti ni nani anamzuia nani. Swali la namna hiyo waachie Wakenya, ambao tangu 2013 wana Seneti inayogombana na Bunge la Taifa hadi mbele ya majaji. Mwaka 2020 Mahakama Kuu yao ilibatilisha sheria 23 kwa sababu zilipitishwa bila Seneti kushirikishwa. Huku kwetu tuna utulivu.

Nne, Seneti. Kila mkoa unatoa maseneta wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja, kila mmoja kwa kura yake, na wapiga kura ni madiwani wa komine, si wewe. Mikoa ilipokuwa 18 walikuwa 36. Ongeza Watwa watatu, 39. Sasa mikoa ni mitano, kwa hiyo wako 13. Seneti nzima inaenea kwenye Hiace moja, na konda akapata pa kukaa. Nchi iliishi bila chombo hiki tangu 1966, jeshi lilipofuta ufalme pamoja na Seneti yake changa, mpaka makubaliano ya Arusha yalipokirudisha. Kazi yake si ndogo: inasoma miswada upande wa pili, inaidhinisha uteuzi wa wakubwa, na inachunguza kama mizani ya makabila inaheshimiwa katika taasisi. Katiba ya 2018 iliipa pia miaka mitano ya kupima kama mgawo wa makabila uendelee au ukome. Tathmini ilizinduliwa Julai 2023, miaka mitano ikiwa imekwishapita. Wapimaji ni watu walioingia ukumbini kwa mgawo huohuo. Usiwaharakishe.

Tano, usiandike sheria. Najua umekwisha kununua daftari. Wanaoruhusiwa kuanzisha sheria ni Rais, Serikali, Bunge la Taifa na Seneti. Mkamuaji wa mawese hayumo. Na hata mbunge akilichukua wazo lako, pendekezo lake halipokelewi kama litapunguza sana mapato ya umma au kuongeza gharama kubwa, labda aoneshe papo hapo fedha mbadala zitatoka wapi. Mkaguzi wa mabidoni atalipwa mshahara. Mshahara ni gharama. Umeona. Halafu daftari lenyewe umeliandika kwa Kiswahili, ambacho Rumonge nzima hupatania bei ya ndagala, lakini lugha rasmi ni Kirundi, Kifaransa na, tangu 2014, Kiingereza. Watu wa pwani ya ziwa hawajawahi kununuliana samaki kwa Kiingereza, ila sheria ina mipango yake.

Sita, hesabu kura. Tufanye muujiza umetokea na muswada wa mabidoni uko mezani Kigobe. Zamani sheria ya kawaida ilidai theluthi mbili, hesabu iliyolazimisha wakubwa kuongea na wadogo. Katiba ya 2018 ikaishusha hadi zaidi ya nusu, ili kazi isonge. Kubadili Katiba kwenyewe bado kunadai wabunge wanne kwa kila watano, na maseneta wawili kwa kila watatu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pekee katika mwongozo huu hesabu ilipomshinda mwenye nguvu. Tarehe 21 Machi 2014 rasimu ya kubadili Katiba ilipigiwa kura na Bunge lenye watu 106. Zilihitajika kura 85. Zikapatikana 84. Kura moja! Ukumbi ule haujawahi kuwa na kiti chenye thamani kama kile ambacho hakikusema ndiyo. Usijenge tabia juu ya siku hiyo, lakini. Katiba ina mlango mwingine unaoitwa kura ya maoni, na tarehe 17 Mei 2018 Katiba mpya ilipitia huko bila kuwasumbua waheshimiwa.

Hatua ya saba ni fupi kwa sababu wewe huna cha kufanya ndani yake. Muswada unakwenda Gitega. Seneti ikikubali, umevuka. Isipokubali, vyumba viwili vinaunda kamati ya pamoja, idadi sawa kila upande. Kamati ikishindwa, Rais anaweza kuliomba Bunge la Taifa liamue peke yake, au akatangaza kwamba muswada umekufa. Ukipita kote, Rais ana siku 30 za kutia saini au kuomba usomwe upya. Kwa sheria za msingi, zile zinazopanga vyombo vya dola, Mahakama ya Katiba huziangalia kwanza. Bidoni si chombo cha dola. Usilikuze.

Nane, na hapa uwe umeketi. Katiba inaorodhesha mambo yanayopangwa kwa sheria: haki za raia, uraia, makosa na adhabu, kodi na mengine ya uzito huo. Yasiyo kwenye orodha ni ya Serikali, kwa dekreti au kwa agizo la waziri. Kuna mtu Kigobe, kijana mwenye suti ya kijivu na mafaili kwapani, ambaye atalisoma ombi lako mpaka mwisho, avue miwani, akuambie kwamba ujazo wa bidoni la mawese unaweza kabisa kumalizwa na waziri kwa karatasi moja, bila Bunge, bila Seneti, bila Gitega. Usimkasirikie kwa kutokukuambia mapema. Ulikuja Mei, hakuwepo.

Basi mtafute waziri. Yeye huenda hayumo kwenye orodha yoyote uliyoipigia kura. Hata kama alikuwa mbunge, alipoteuliwa kiti chake kilikwenda kwa aliyemfuata. Fika asubuhi na mapema, vaa viatu vya kufunga, beba bidoni lenyewe kama ushahidi. Mlinzi wa getini atataka kulikagua. Atakuuliza ni la lita ngapi. Jibu ishirini, na kama ana bidoni lake kibandani, usikubali wapime kwa hilo.